Buibui wa kijani uliyemkamata porini: dalili, chanzo na la kufanya

Ukimkuta buibui wa kijani kwenye majani ukamtia kwenye mtungi, maswali huanza baada ya siku mbili tatu. Hali chakula. Amekunja miguu. Rangi imefifia. Amekaa tu, wala hafumi chochote. Kila moja ya dalili hizi ina sababu zaidi ya moja, na ili ujue inayomhusu wa kwako, lazima kwanza ujue ni buibui wa kundi gani. Hapo ndipo wengi wanakosea. Rangi ya kijani imejitokeza katika familia nyingi za buibui zisizo na udugu wa karibu. Yupo mwindaji anayekimbia na kuruka juu ya maua, yupo mviziaji anayekaa palepale kutwa nzima, na yupo mfumaji ambaye bila utando atakufa njaa huku nzi wanampita mbele. Ukimtunza mmoja kwa kanuni za mwingine, atadhoofika mikononi mwako huku ukiamini unamjali.

Simjui ni buibui gani

Usianze na rangi. Anza na namna alivyokaa, kisha macho, kisha miguu. Chombo cha plastiki angavu na kioo cha kukuzia vinatosha. Kamera ya simu nayo inafaa ikiwa inaweza kupiga kwa karibu bila kutia ukungu.

Miguu yenye miiba mirefu myeusi iliyosimama wima na tumbo linalochongoka kuelekea nyuma ni alama za jenasi (kundi la spishi za karibu) Peucetia, ya familia ya Oxyopidae. Mtazame usoni: macho yake makubwa sita yamekaa kwa umbo la pembe sita. Peucetia viridans anapatikana kusini mwa Marekani, Meksiko na Amerika ya Kati. Afrika na nchi za Mediterania wako ndugu zake, akiwemo Peucetia viridis. Jike mkubwa wa viridans hufikia milimita 22 hivi bila miguu, dume karibu nusu ya hapo. Hafumi utando wa kunasia. Anarukia mdudu juu ya ua, na uzi anautumia kujifunga asianguke.

Ikiwa jozi mbili za miguu ya mbele ni ndefu kuliko zile za nyuma, amezitandaza pembeni, na akiguswa anaenda kombo, huyo ni buibui-kaa wa familia ya Thomisidae. Ulaya yuko Diaea dorsata, mwenye miguu na kifua cha kijani na tumbo la kahawia. Oxytate, wembamba na wa kijani mwili mzima, wako Afrika, Asia na Australia. Ukiona macho mawili makubwa yanakutazama moja kwa moja, na ukisogea naye anageuka, ni mrukaji wa familia ya Salticidae: Lyssomanes viridis huko Marekani, au Mopsus mormon huko Australia. Kwa Lyssomanes kuna jambo la kupendeza mno ukimtazama kwa kioo cha kukuzia. Mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo mirija ya macho inaonekana ikisogea ndani ya kichwa, na jicho lililokuwa jeusi sekunde iliyopita linageuka kijani pale anapotazama upande mwingine.

Micrommata virescens wa Ulaya na Asia ana kijani kibichi, na miguu yake haina ile miiba iliyosimama ya Peucetia. Hukaa kwenye nyasi amenyoosha miguu, na ukimsumbua anatoka mbio kali. Dume lake aliyekomaa ana tumbo la manjano lenye mstari mwekundu katikati, kiasi kwamba wengi humdhania kuwa aina nyingine kabisa.

Wafumaji ni rahisi kuwajua ikiwa uliwakuta kwenye utando wao. Araniella cucurbitina ana tumbo la mviringo la kijani-manjano na doa jekundu chini ya tumbo karibu na vitoa nyuzi. Hafiki sentimita moja, na utando wake mara nyingi unatosha ndani ya jani moja lililojikunja. Tetragnatha wa kijani ni mwembamba, mwenye taya ndefu sana, na hupenda kando ya maji.

Jina la spishi kamili mara nyingi halipatikani kwa macho. Wataalamu huangalia viungo vya uzazi vya buibui aliyekomaa kwa hadubini, na mtoto hana viungo hivyo bado. Ukifika kwenye jenasi, umefanya kazi nzuri. Andika mahali ulipomkuta, tarehe, na mmea aliokuwa juu yake. Taarifa hizo tatu zina uzito kuliko picha kumi, na utazihitaji tena siku ya kumrudisha.

Kuhusu sumu: wote hawa wanayo, na hakuna hata mmoja anayejulikana kuwa hatari kwa maisha ya mtu mwenye afya. Lakini Peucetia anauma kwa uchungu na kuacha uvimbe, na jike la viridans linalolinda mayai linaweza kurusha sumu umbali wa sentimita 20 hivi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi na umwone daktari. Mhamishe buibui kwa kikombe na karatasi, si kwa vidole.

Hali chakula

Kama ni siku ya kwanza au ya pili, mwache. Buibui aliyetolewa porini anahitaji muda wa kujua mipaka ya chombo, na kumtupia wadudu wapya kila saa kunamtisha tu.

Baada ya hapo angalia mdudu unayempa. Peucetia, Micrommata na buibui-kaa wanaishi juu, kwenye majani na maua. Nyenje anayejificha chini ya karatasi sakafuni hatakutana nao kamwe. Wape nzi wanaoruka au panzi wachanga wanaopanda vijiti. Mdudu asizidi urefu wa mwili wa buibui, na kwa buibui wachanga nusu ya hapo inatosha. Wadogo kabisa wape nzi wa matunda. Awe hai. Buibui hawa wanaamshwa na mwendo, na nzi mfu kwao ni uchafu wa chombo. Mdudu asiyeliwa mpaka kesho yake mtoe. Nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna buibui anayejivua gamba, na hilo si jambo la nadra.

Mfumaji ana shida ya peke yake. Chombo chenye kuta laini na mapambo mengi hakimpi nafasi ya kutandaza, na utaona anaacha nyuzi legelege kwenye kona bila umbo. Ondoa majani, weka vijiti viwili au vitatu vinavyoacha uwazi katikati, kisha mwache usiku mzima gizani. Araniella anaridhika na nafasi ndogo. Utando ukishakamilika, mrushie nzi hai katikati yake. Nzi akitikisa nyuzi, buibui anakuja.

Zipo sababu tatu ambazo hazihitaji kurekebishwa: anakaribia kujivua gamba, ana mayai, au ni dume aliyekomaa. Dume utamjua kwa pedipalpi, vile viungo viwili vifupi vilivyo mbele ya mdomo: ncha zake zimevimba. Akifikia hapo hamu yake ni kutafuta jike, anatembea ovyo usiku kucha, anakula kidogo au hali kabisa, na maisha yake yaliyobaki huwa mafupi. Mimi dume aliyekomaa simshikilii. Kumfungia ni kumnyima kitu pekee anachokitafuta, na yeye hakupi chochote cha kuangalia zaidi ya kuzunguka kuta.

Miguu imejikunja chini ya mwili, tumbo limesinyaa

Hii ndiyo dalili ya kuchukulia hatua mara moja, kwa sababu chanzo chake cha kawaida ni kiu, na kiu inatibika ikiwahiwa. Buibui ana misuli ya kukunja miguu, lakini kwenye viungo viwili vikubwa vya kila mguu hana misuli ya kuunyoosha. Anaunyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili ndani yake, kama mpira wa bustani unavyokakamaa bomba likifunguliwa. Majimaji yakipungua, msukumo unakosekana, na misuli ya kukunja inabaki bila wa kuipinga. Ndiyo maana buibui mwenye kiu na buibui aliyekufa wanafanana.

Usimzike haraka. Mguse mguu kwa ncha ya brashi laini. Hata mguu mmoja ukitikisika, chukua karatasi laini iliyolowa, umlaze juu yake kifudifudi, sehemu ya mbele ikiwa kwenye unyevu na tumbo likiwa pakavu. Tumbo likae pakavu kwa sababu mapafu yake yapo upande wa chini, mwanzoni mwa tumbo, na tone moja likiyaziba linamsonga. Kisha tazama mdomoni kwa kioo cha kukuzia. Akianza kunywa utaona meno ya sumu yamefunguka kidogo, tone limegusana na mdomo, na ukingo wa tone unatetemeka huku likipungua polepole. Mabadiliko ya tumbo huchukua saa kadhaa. Mikunjo inalainika, kisha miguu inaanza kufunguka mmoja mmoja. Usimpe chakula siku hiyo.

Kuzuia ni rahisi kuliko tiba. Nyunyizia matone madogo ukuta mmoja wa chombo kila asubuhi, au kila baada ya siku moja kama hewa si kavu. Buibui wa majani wanakunywa umande, kwa hiyo matone yawe juu, kwenye jani au kwenye ukuta anapopita. Kisahani cha maji sakafuni hakiwafai wakaao juu, na wadogo wanazama humo.

Chanzo cha pili cha dalili hiyohiyo ni joto. Mtungi uliofungwa ukipigwa na jua dirishani unakuwa tanuri kwa dakika chache, na kwa bahati mbaya watu huuweka hapo kwa nia njema, wakikumbuka kwamba walimkuta kwenye jua. Porini alikuwa na upepo na upande wa chini wa jani wa kujificha. Weka chombo penye mwanga, mbali na miale.

Kuta zina ukungu wa maji, kuna kuvu kwenye vijiti

Umezidisha maji au umepunguza hewa, na mara nyingi ni hewa. Tundu chache kwenye mfuniko hazitoshi. Fungua dirisha la wavu pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite badala ya kukaa, ondoa mabaki ya wadudu, badilisha vijiti. Matone ya asubuhi yawe yamekauka kufikia jioni.

Rangi imefifia au imebadilika

Kabla ya kujivua gamba rangi hufubaa, na baada ya kujivua anakuwa mweupe-mweupe kwa muda. Zote mbili ni kawaida. Jike la Peucetia viridans linaweza kugeuka kutoka kijani kwenda manjano au kahawia likifuata rangi ya mmea lilipo, ila hilo linachukua siku nyingi, haliji kwa saa. Micrommata wachanga huweza kuwa wa kahawia na kupata kijani baadaye. Kijani cha Micrommata kinatokana na rangi za kundi la bilini zilizomo ndani ya tishu na majimaji ya mwili, na zimo hadi kwenye viini vya mayai yake. Kijani cha buibui hakidumu kwenye alkoholi, kwa hiyo ukipanga kumhifadhi aliyekufa kwa ajili ya utambuzi, mpige picha kwanza.

Rangi inayopaswa kukutia wasiwasi ni doa jeusi linalokua au sehemu inayovuja majimaji. Hilo ni jeraha. Tumbo la buibui ni laini, na kuanguka vibaya kunaweza kulipasua. Tone dogo likiganda lenyewe, mwache atulie. Asiposhtuliwa ana nafasi ya kupona.

Ananing'inia kichwa chini na hasogei

Ukimkuta hivyo, ondoa mikono. Mara nyingi yuko kwenye kujivua gamba, na hapo ndipo watu wenye huruma huua buibui wengi kwa kutaka kusaidia. Siku chache kabla, alikataa chakula huku tumbo limejaa; sasa anajining'iniza kwa uzi. Gamba la juu ya kifua linapasuka kwa mbele na kuinuka, tumbo linachomoka, kisha miguu minane inavutwa nje kwa vipindi, anavuta, anapumzika, anavuta tena. Kinachobaki kinaning'inia hapo chenye miguu yote na meno yote, na mara nyingi mtu huamka akidhani buibui amekufa. Kiangalie kifua: kama kiko wazi juu na ndani hakuna kitu, lile ni gamba, na mwenyewe amejificha karibu.

Baada ya hapo meno yake ni laini, hayawezi kutoboa. Mpe maji tu kwa siku tatu nne, na usimwachie mdudu yeyote ndani.

Akinasa kweli, yaani saa nyingi zimepita na mguu mmoja au miwili imebaki ndani, gusa gamba hilo kwa brashi yenye tone la maji na usubiri. Usivute. Buibui anaweza kuukata mguu mwenyewe kwenye kiungo, na akiwa bado anakua mguu mpya utajitokeza atakapojivua tena, mfupi kwanza. Akishakomaa kundi hili halijivui tena, kwa hiyo mguu uliopotea umepotea. Anaishi vizuri tu na saba. Cha kuhakikisha ni kwamba ana nafasi ya kuning'inia: urefu wa chombo uwe angalau mara tatu ya buibui aliyenyoosha miguu, na kijiti au kitambaa cha juu kisiwe kinachohamishwa.

Kuna kitu kimeng'ang'ania tumboni, au tumbo limevimba upande mmoja

Huyu ulimtoa porini, na porini ana maadui wanaokaa mwilini mwake. Vidoa vyekundu vidogo ni watoto wa utitiri. Wakiwa wachache hawamuui, na wataondoka wenyewe. Kitu cheupe au cha manjano chenye umbo la buu, kimekaa juu ya tumbo au karibu na kiuno chake, kwa kawaida ni buu wa nyigu. Kinakula polepole na kumwacha hai mpaka mwisho. Kikiwa bado kidogo sana huenda akakitupa pamoja na gamba, lakini usikitegemee. Wale wa ndani hawaonekani: nzi wa familia ya Acroceridae, na minyoo ya Mermithidae inayovimbisha tumbo bila mpangilio. Hakuna dawa kwa hawa, na kukuambia vinginevyo ni kukudanganya. Mtenge na buibui wengine, mpe maji, na kama unataka kujua kilichomuua, acha chombo kimefungwa kwa wavu mwembamba uone kitakachotoka.

Anatetemeka, miguu inakwenda kila upande

Dawa ya wadudu. Jiulize nzi uliyempa alitoka wapi, ua lilikatwa bustani gani, na kama chumbani kumepulizwa dawa ya mbu. Dawa ya mbu unayojipaka mikononi nayo ina madhara. Mhamishe kwenye chombo kipya kikavu chenye hewa, weka tone la maji mbele yake, tupa kila kilichokuwa cha zamani. Wengi hawarudi. Wanaopona huonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili. Osha mikono kwa sabuni na uisuuze kabla ya kugusa chombo, kila mara.

Tumbo lilikuwa limejaa, asubuhi limepungua ghafla

Tafuta kifuko cha mayai. Jike la porini mara nyingi lilishapandwa kabla hujalikuta, kwa hiyo usishangae kwamba halikuwa na dume. Kifuko cha Peucetia kina rangi ya majani makavu, kimefungwa kwa nyuzi juu ya mmea, na mama amekikumbatia kichwa chini. Kwa viridans kinaweza kuwa na mayai 25 hadi 600. Micrommata hujifungia na kifuko chake ndani ya majani aliyoyashona pamoja.

Usikitenganishe na mama. Anakula kidogo sana kipindi hiki, basi mletee nzi karibu na mdomo na matone karibu naye. Mayai yaliyorutubishwa huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na watoto hubaki ndani kwa karibu wiki mbili nyingine mpaka mama apasue kifuko. Kikisinyaa na kukauka, mayai hayakurutubishwa. Na kikitoa mdudu mwenye mikono ya vunjajungu na mabawa angavu, ni wa familia ya Mantispidae, ambao mabuu yao hula mayai ya buibui.

Badilisha wavu uwe wa matundu madogo kabisa kabla watoto hawajatoka. Wakibaki pamoja wataanza kulana, na kulisha mamia si kazi ya mtu mmoja. Bakiza wachache, kila mmoja na chombo chake, na waliosalia wapeleke kwenye mmea ule uliomkuta mama yao, ulioandika siku ya kwanza, asubuhi isiyo na mvua. Si kwenye bustani nyingine, si mji mwingine. Mama mwenyewe, kama ni Peucetia, huenda hana muda mrefu: mzunguko wao ni wa mwaka mmoja. Akianza kuteleza kwenye majani na kuchelewa kumfuata nzi, hakuna kosa la kurekebisha. Mshushie vijiti chini ili asianguke kutoka juu, na uendelee kumnyunyizia maji.